TUWATOE MATEMBEZI MABINTI ZETU



Ndugu zangu wazazi, hapa kwetu Rusimbi Jumamosi ikifika kijana wa kiume anaaga anakwenda ziwani, anarudi jioni, hakuna anayemuuliza. Dada yake yuko jikoni tangu asubuhi. Tunasema tunamlinda. Tunamlinda au tumemsahau?

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Wahabeshi walipocheza kwa mikuki yao msikitini, Mtume (S.A.W.) alimsitiri Bi Aisha (R.A.) kwa nguo yake ili atazame, akasimama naye mpaka alipochoka mwenyewe. Hakumharakisha.

Basi wazazi, pangeni siku. Waulizeni mabinti wenyewe wanataka kwenda wapi. Ujiji si mbali: ipo makumbusho pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Waelezeni pia habari za watumwa waliotembezwa kwa miguu kutoka huko hadi pwani. Swalini Adhuhuri hukohuko, mle ugali na migebuka. Baada ya hapo wapelekeni Kigoma mjini waione stesheni waliyoijenga Wajerumani. Waacheni wacheke, wapige picha zao. Rudini kabla ya Magharibi.

Gharama yake ni nauli, chakula na kiingilio cha makumbusho. Binti asiyepata furaha kwa wazazi wake, yupo mtu anayemuahidi furaha hiyo kwa siri kwenye simu. Na huyo hana habari na Magharibi.

Allah atujaalie huruma kwa watoto wetu, na awahifadhi. Aamin.