Umati wa Wanyonge na Hesabu ya Karata

Karata hazina sifa njema shuleni. Zikikutwa bwenini huishia katika mtoto wa meza ya mwalimu wa zamu, na si ajabu, kwani aghalabu nyuma ya karata hujificha kamari. Lakini si kila mchezo wa karata humtaka mchezaji amfilisi mwenziwe. Upo mchezo uitwao The Lord of the Rings: The Card Game, uliobuniwa na Nate French na kutolewa mwaka 2011 na kampuni ya Fantasy Flight Games ya Marekani, ambao huwaweka wachezaji wote upande mmoja. Adui wao ni pakiti ya karata isiyoendeshwa na mtu, na hushinda au kushindwa pamoja. Ulimwengu wake umetoka katika riwaya ya J. R. R. Tolkien.

Mwalimu wa hisabati yafaa autazame mchezo huu, si kwa ajili ya mazimwi na wachawi waliomo, bali kwa sababu ya kazi inayoutangulia, yaani kupanga pakiti. Kila mchezaji huchagua mashujaa wasiozidi 3, kisha hukusanya karata zisizopungua 50, na karata ya jina moja haiwezi kuwamo zaidi ya mara 3. Huanza na karata 6 mkononi na kuokota 1 katika kila mzunguko. Kila shujaa naye huleta sarafu 1 ya mchezo kwa kila mzunguko, ya kulipia karata za fani yake.

Wachezaji wageni hupenda karata kubwa. Humdharau mshirika kama Snowbourn Scout, ambaye hugharimu sarafu 1 tu, ana uhai 1, hana nguvu ya kushambulia, wala hana hata chembe ya nia, yaani ile sifa isogezayo safari mbele. Nani amtake askari wa namna hiyo? Jibu limo katika karata nyingine, Faramir, mwenye gharama ya sarafu 4. Faramir akipumzishwa, kila mhusika wa mchezaji mmoja aliyechaguliwa huongezewa nia 1 mpaka mwisho wa hatua ile. Mashujaa 3 na wanyonge 5 walioko safarini hupata nia 8 zaidi kwa mara moja. Na mchezaji anayechaguliwa si lazima awe mwenye Faramir. Kwa kuwa nia ya wachezaji wote hujumlishwa, ni busara mmoja aandae umati na mwenziwe aandae pakiti ya kuutegemeza. Desturi ya kila mtu kujipangia pakiti inayojitosheleza kwa kila jambo, kana kwamba anacheza peke yake, ni upotevu mtupu.

Umati una njaa yake, na hapa ndipo hesabu inapoanza kunoga. Ichukuliwe kwamba mashujaa wote 3 ni wa fani moja. Mchezaji anunuaye washirika wa sarafu 3 huteremsha mmoja kwa mzunguko na kuokota karata moja. Mkono wake haupungui. Anunuaye wa sarafu 1 huteremsha watatu. Karata 6 huwa 7 baada ya kuokota, zikabaki 4; kisha 5, zikabaki 2; kisha 3, zisibaki kitu. Mzunguko wa tatu ukiisha, sarafu zingalipo lakini mkono ni mtupu. Dawa iko kwa mwenziwe. Shujaa Beravor akipumzishwa, mchezaji aliyechaguliwa huokota karata 2. Moja ya kawaida na mbili za Beravor ni tatu, na tatu ndizo zinazotumika. Katika mzunguko huo Beravor hasafiri wala hapigani, na mtazamaji asiyepiga hesabu atamwona mvivu.

Je, Faramir atapatikana kwa wakati? Pakiti ya karata 50 ikiwa na nakala zake 3, uwezekano wa kumkosa katika karata 6 za mwanzo ni (44 × 43 × 42) ÷ (50 × 49 × 48), yaani 0.676, basi uwezekano wa kumpata ni asilimia 32.4. Mtu akizidisha karata zikawa 60 kwa kutaka kila kizuri kiwemo, uwezekano huo hushuka hadi asilimia 27.5. Lakini Faramir hana haja ya kuwahi. Pakiti ya msaada yenye shujaa mmoja tu wa fani yake itachukua mizunguko 4 kuzikusanya sarafu zake 4, na kufikia hapo zimekwisha kuonekana karata 10. Kwa kuwa kanuni huruhusu kurudisha mkono wa mwanzo mara moja, mchezaji anayeurudisha kila asipomwona Faramir atakuwa naye kwa uwezekano wa asilimia 66 hivi.

Wapo wasemao kwamba umati ni mchezo wa kijinga, nao wana hoja. Wasafiri hutolewa kabla karata za adui hazijafunuliwa, na miongoni mwa karata hizo imo The Necromancer's Reach, ambayo humjeruhi kwa pigo 1 kila mhusika aliyekwisha kuchoka. Waliotumwa safarini wote wamechoka, na mwenye uhai 1 hufa. Hoja hiyo, hata hivyo, haiuondoi umati. Hulazimisha tu pakiti ya msaada iwe na A Test of Will, karata ya sarafu 1 inayoweza kutangua pigo la namna hiyo, na mwenye nayo abane sarafu hiyo asiitumie kwa tamaa nyingine.

Mchezo wenyewe huuzwa kwa fedha za kigeni, na shule nyingi hazitaununua. Haidhuru. Vipande 50 vya karatasi vyatosha, 3 kati yake vikitiwa alama. Wanafunzi 40 wakivichanga na kuchota 6 kila mmoja kwa zamu yake, vikirudishwa vyote kila mara, yatarajiwa kwamba 13 hivi watakutana na alama. Wakitokea 9 au 17, mwalimu asiseme upesi kuwa wamekosea. Awaulize ni idadi gani ingewafanya washuku kuwa vipande havikuchangwa vema, kisha wachote tena.