Bulo ikidondoka ndani ya moteri

Taxi nyingi zinazotulisha zinatengenezwa uani kwetu, na mara nyingi sisi ndio tunashika taa. Buji ikitolewa, tundu lake linabaki wazi. Bulo ndogo ikidondoka humo inatua juu ya pistoni. Papo hapo mtu atasema: "Washa tu, itatoka yenyewe!" Mama, kataa. Haitoki. Pistoni ikipanda itaibana bulo juu, itoboke au ipinde valvu, na pesa ya minervali iende yote kwa fundi. Ondoeni waya wa batri, mtoto asije akazungusha ufunguo.

Kwanza hesabuni vyombo vyote. Pengine bulo imenasa tu kwenye bamba la chini ya gari. Kama kweli imeingia, tafuteni sumaku ya fimbo nyembamba kwa wauza piesi. Inavuta chuma, lakini haivuti alumini wala kile kipande cheupe cha buji iliyovunjika. Hapo fundi atafungua kichwa cha moteri. Ni ghali, ndiyo, ila moteri nyingine ni ghali zaidi.

Siku nyingine, buji ikitoka tu, zibeni tundu kwa kitambaa safi, kikubwa, ncha yake ibaki nje.