Kamio inapimwa uzito, shofere anapimwa nini?

Kila mara kamio inaanguka ku barabara ya Kolwezi na Lubumbashi, maneno ni yale yale: freni zilikatala, mwendo ulikuwa mwingi, barabara iko mbaya. Wakubwa wanafika, wanaomba kontrole teknike ya magari ifanywe kwa nguvu. Ni vizuri. Lakini kuna swali moja lenye halitoke mu kinywa cha mutu: huyu shofere, mwili wake uliweza ile kazi siku ile? Macho yake yalipimwa lini? Tansio yake ni ngapi? Alikuwa amelala saa ngapi?

Sisi wa sendika za migodi tunaona inafaa ile swali iingie mu mazungumuzo ya inchi. Na wazo letu tunalisema mapema: vizite ya munganga haitalinda mutu yeyote kama shofere mwenye kukutwa mugonjwa anapoteza mukate siku ile ile. Mpaka ile ibadilike, kila mutu ataficha ugonjwa wake, na sertifika itabakia paka karatasi.

Kwanza tuangalie muzigo. Toka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni kilometa karibu 300, na toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu 90. Kule makamio ya shaba na kobalti yanashuka, na makamio ya asidi, chokaa na mafuta yanapanda kuelekea migodi. Ni barabara moja na mabisi ya wasafiri, mapikipiki, watoto wa masomo na mama wenye kuuzisha makala. Tarehe 20 Februari 2019, ku kijiji cha Kabwe, kamio ya asidi iligongana na bisi, na watu karibu 20 walikufa, wengine juu ya asidi yenye iliwamwangikia. Mwaka 2018, kule Mbuba mu Kongo Central, kamio ya mafuta iliwaka na watu 50 hivi walikufa. Mwaka 2010, kule Sange mu Kivu ya Kusini, walipita 230. Hatusemi kama mashofere wa zile siku walikuwa wagonjwa. Tunasema kama mutu mwenye kushika gidoni ya muzigo wa namna ile, makosa yake ya sekunde mbili inaweza kumaliza kijiji.

Sasa, mu inchi zingine munganga anatafuta nini? Tukamate Ufaransa, sababu sheria zetu nyingi zinafanana na za kule ao za Ubelgiji. Shofere wa gari nzito anapita ku munganga kila miaka 5 mpaka afike miaka 60. Kisha ile, ni kila miaka 2, na toka miaka 76 ni kila mwaka. Jicho lenye kuona vizuri zaidi linapashwa kufika 8 juu ya 10, na lile lingine angalau 1 juu ya 10, hata kama ni na lineti. Wanaangalia tena moyo, tansio, sukari, kifafa, masikio, pombe, na ule ugonjwa wa kukoroma wenye unakata pumzi mu usingizi. Huyu wa kukoroma anaamini amelala saa 8, kumbe ubongo wake haukupumuzika, na saa sita ya mchana anasinzia ku gidoni. Karibu na sisi, Afrika Kusini, shofere wa kazi anapashwa kuwa na permi ya kipekee, yenye kuisha kisha miaka 2, na kwa kuipata upya analeta sertifika ya munganga. Wale wenzetu tunakutana nao kila siku ku Kasumbalesa, mu mulolongo moja. Barabara ni moja, lakini mwili wa moja unafuatiliwa, wa mwingine hapana.

Ku kwetu sheria haikosekane. Code du Travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaomba munganga ahakikishe kama mutu anaweza kazi yenye anapewa. Inasema tena kama mukubwa wa kazi njo mwenye kulipa matunzo ya mufanyakazi na jamaa yake. Na hapa wengi hawajue: mu yale matunzo kuna lineti za macho, kama munganga anaziandika. Shofere mwenye kuona taa za mbele kama moshi usiku, hapashwe kununua lineti za kinjianjia ku soko. Ni haki yake ku kampuni. Tena, mufanyakazi mwenye kugonjwa anabakia na haki ya sehemu mbili juu ya tatu ya mushahara wake wakati kontra imesimama juu ya ugonjwa.

Tatizo iko wapi sasa? Iko mu namna kazi inapangwa. Migodi mikubwa iko na hopitali, iko na munganga wa kazi, na ku mulango mutu anapuliza ndani ya mashini ya pombe mbele ya kuingia. Lakini sehemu kubwa ya mashofere wa barabarani hawako wa mugodi. Wako wa kampuni za sutretansi, ao wa mutu mwenye makamio mawili tu, mwenye kubebea kampuni ingine yenye kubebea mugodi. Sheria ya mwaka 2017 ilitaka sutretansi iwe mu mikono ya kampuni za Wakongomani, na sisi tunaunga mukono. Lakini kwa afya, kila mutu anasukuma muzigo kwa mwenzake. Mugodi unasema: shofere si wetu. Mwenye kamio anasema: mimi nalipwa kwa tani, feza ya munganga nitatosha wapi? Na shofere, yeye analipwa kwa safari. Kama hakuendesha, hakuna kitu ku nyumba.

Njo maana vizite imekuwa namna ya muhuri. Mutu anapita mbele ya munganga siku ya kuingia ku kazi, dakika kidogo, wanaandika « Apte », basi. Miaka 7 kisha, ile karatasi ingali mu dosie, lakini mwili si ule tena. Mu miaka ile, shofere amekula usiku ku barabara, amekaa siku nzima bila kutembea, amelala ndani ya kabini ku Kasumbalesa akingojea makaratasi. Tansio inapanda bila kelele, sukari pia. Kuna wenye kujua, na wanameza dawa kwa kificho ili mukubwa asisikie. Wengine wanaogopa hata kupimwa. Tusiwachekelee. Mutu mwenye watoto sita ku masomo, ukimwambia kweli yake itamufukuzisha ku kazi, atachagua uongo.

Kuna pia usingizi, na huu hakuna munganga mwenye kuupima ku mulango. Ile mashini ya pombe inaona bia ao lutuku ya jana, haione mutu mwenye kukesha. Lakini waganga wamepima na kukuta kama mutu mwenye kukaa macho saa 17 anaendesha sawa vile mwenye kuwa na gramu 0,5 ya pombe mu litra ya damu. Kipimo cha OIT cha mwaka 1979 kinasema shofere asipitishe saa 4 bila kusimama, wala saa 9 za kuendesha kwa siku, na apate saa 10 za kupumuzika. Code yetu nayo inasema saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Nani anahesabu zile saa kwa shofere mwenye kulipwa kwa safari? Ukimupima tansio asubui na kisha unamutuma akeshe usiku mbili, umefanya kazi bure.

Wakubwa wa kampuni wako na jibu, na tunalisikia. Wanasema: mukiweka masharti makali, nusu ya mashofere watarudi ku nyumba, na makamio yatasimama. Sisi tunajibu kama magonjwa mingi yenye tunataja hapa, haiombe kufukuza mutu. Mwenye macho mabaya anavaa lineti. Mwenye tansio anameza dawa, anasimama juma chache, anapimwa tena, anarudi. Wale wenye hawataweza tena barabara ni kidogo, na ku mugodi kuna kazi ya mizani, ya parkingi, ya kufundisha vijana. Shofere wa miaka 20 anajua vitu vyenye kijana wa permi mupya hajaviona.

Inafaa pia tuweke mupaka. Vizite si mulango wa kuchunguza maisha ya mutu. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda wenye kuishi na VIH, na mutu hapashwe kulazimishwa kipimo kile ili apate ao abakie na kazi. Munganga amwambie mukubwa neno moja tu: anaweza, hawezi, ao anaweza na masharti. Jina la ugonjwa linabakia kati ya munganga na mugonjwa.

Na mutu asituambie kama haiwezekane. Mwaka 2020, wakati wa COVID-19, mashofere walipimwa ku mipaka, na Zambia ilifunga Nakonde kwa siku chache mu mwezi wa tano wakati mashofere walikutwa na ugonjwa. Hema zilisimama, waganga walipatikana, karatasi zilisomwa toka inchi moja mpaka ingine. Ile siku ugonjwa wa shofere ulikuwa hatari kwa biashara, na njia ilionekana. Ugonjwa wenye kumuua polepole, yeye na wenye kupita karibu yake, unastahili nguvu ile ile.

Tunaomba vitu vine. Kwanza, vizite kila mwaka kwa mashofere wote wa gari nzito, wa mugodi na wa sutretansi, na wenye muzigo ku mwanzo wa kontra, ni kusema mugodi, ahakikishe imelipwa. Pili, munganga mwenye hategemei mwenye kamio. Tatu, shofere mwenye kusimamishwa na munganga abakie na mushahara wa ugonjwa sawa sheria inasema, na atafutiwe kazi ingine mbele ya neno la kufukuza. Ine, saa za kuendesha ziandikwe, na Inspection du Travail iweze kuzisoma.

Kwa madelege wenzetu: komite ya usalama na usafi ku kazi iko kwa sheria, na muko na kiti ndani. Ku mukutano wenye kuja, mulete liste ya mashofere wenye kuingiza makamio ku mugodi wenu, na muulize tarehe ya vizite ya mwisho ya kila moja. Kama jibu halipatikane, muandike vile mu prosè-verbal, mutie sahihi, na kopi moja iende ku Inspection.