Mmefuata Nini Berlin, Usingizi?

Kila ufikapo mwezi wa Januari, ndege zinazoondoka Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe huchukua watu wetu kuelekea Berlin. Wamo maofisa wa kilimo waendao kwenye Wiki ya Kijani, yale maonesho makubwa ya chakula na mifugo yaliyoanza mwaka 1926. Wamo wanafunzi na wafanyabiashara, na Februari hufuata watu wa filamu kwa ajili ya tamasha la Berlinale. Hongera zao wote. Kusafiri ni neema, na Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi yake tukazingatie. Hilo halitaki ushahidi: Mwislamu analijua, Mkristo analijua, na asiyeshika lolote kati ya hayo alisikia kwa bibi yake kwamba tembea uone.

Lakini ngoja warudi, kisha waulize wameona nini. Jibu lao ni moja: "Baridi, ndugu yangu! Baridi ile haisimuliki." Basi, hadithi imekwisha. Mtu amekaa wiki nzima katika mji wa watu zaidi ya milioni tatu na nusu, mji ambao Tanganyika, Rwanda na Burundi zilitawaliwa kutoka humo, na habari aliyorudi nayo ni ya hita. Mchana semina, jioni chumbani. Pazia limefungwa, blanketi limefika shingoni, simu i mkononi, naye anafuatilia ugomvi wa ukoo uleule aliouacha Mbagala. Siku ya mwisho hukurupuka, akapigwa picha mbele ya Lango la Brandenburg, uso umemkunjamana, kisha huyo mbio dukani. Hana tofauti na mtu aliyefunga safari kutoka Dodoma kwenda kuiona bahari, akafika ufukweni akaomba ndoo ya maji ya bomba aoge.

Baridi ipo, sikatai. Majira hayo jua la Berlin huchomoza saa mbili na kitu asubuhi, na ikigonga saa kumi alasiri liko mbioni kuzama, kama halijazama. Njia huteleza na pua hufa ganzi. Hata hivyo watoto wadogo wa Kijerumani hutolewa nje kucheza, wamefungwa mitandio hadi machoni, wewe mwanamume mwenye ndevu zako unajificha! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nunua soksi nzito za sufu, kofia ya kufunika masikio, glavu, na viatu vyenye soli ya kushika ardhi, uache nyumbani vile vya kung'aa vya kwendea harusini. Vyote hivyo havifiki bei ya simu uliyomnunulia shemeji yako.

Tena ni nani aliyesema Mswahili na barafu hawajuani? Selim bin Abakari, Mngazija, alifika Urusi mpaka Siberia mwaka 1896, akaandika aliyoyaona kwa Kiswahili chake, na habari zake zikatiwa katika kitabu cha Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Amur bin Nasur wa Unguja aliishi Berlin miaka ya mwanzo ya 1890 akifundisha Kiswahili, naye akatuachia habari za maisha yake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, yule wa Desturi za Wasuaheli iliyochapwa mwaka 1903, alisomesha mjini humo, akaoa humo, na humo akafia mwaka 1927. Wazee hawa hawakuwa na hita ya kubonyeza, na mji wenyewe haukuwapokea kwa maua. Lakini macho yao yalikuwa wazi na wino wao haukuganda. Ninyi wajukuu mna treni zenye joto, mna simu ipigayo picha elfu bila kuchoka, na mnatuandikia nini? "Niombeeni, huku kuna baridi." Tumewaombea. Sasa tokeni nje!

Haya, tuanze na Lindi. Ndiyo, Lindi, maana Lindi iko Berlin. Panda treni ya chini, njia ya U6, ushuke kituo cha Naturkundemuseum, utembee hatua chache mpaka makumbusho ya viumbe na miamba yaliyoko Invalidenstraße. Ingia ukumbi mkubwa, kisha inua shingo. Mnyama aliyesimama pale ana mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini. Hakuna mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa popote duniani iliyo mirefu kwenda juu kuliko hiyo, nayo ilichimbwa Tendaguru, bara ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Vitabu vitakutajia wataalamu wa Kijerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, na ni haki yao. Ila waliopiga majembe ni mamia ya watu wa kusini, na msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani, fundi wa kutambua mfupa ungali udongoni. Ilipita karibu karne nzima ndipo dinosaria mwingine wa hukohuko alipopewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii, mwaka 2007.

Fikirini jinsi mifupa ile ilivyofika baharini. Hapakuwa na lori wala reli. Zaidi ya tani 200 zilipita juu ya vichwa na mabega ya watu, siku kadhaa za mwendo, mpaka bandari ya Lindi. Na watu hao walikuwa wametoka juzi tu katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyovifuata, njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Mwenye kunusurika ndiye aliyebeba. Leo hii namjua ofisa mmoja, mzaliwa wa Lindi, mtu mwema na msomi, aliyelala wiki nzima katika hoteli iliyo jirani na jumba hilo asitie mguu. Nilipomuuliza, alisema hakuambiwa. Hakuambiwa! Huenda babu yake alibeba paja la mnyama yule kichwani, naye mjukuu anangoja aletewe barua ya mwaliko.

Wanaosingizia majira nao wasikilize hili. Ule mkutano wa mataifa ya Ulaya wa kuwekeana kanuni za kulila bara letu ulifunguliwa Berlin tarehe 15 Novemba 1884, ukafungwa tarehe 26 Februari 1885. Hesabuni miezi yenyewe: ni baridi tupu, mwanzo hadi mwisho. Hakuna mjumbe aliyesema tuahirishe mpaka jua litoke. Walikutana katika jumba la Bismarck, Wilhelmstraße 77, na siku moja tu baada ya kufunga, tarehe 27 Februari, Kaiser akatia saini hati ya kumlinda Karl Peters na mikataba yake ya hila ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Wenzenu waliikesha baridi ileile mnayoikimbia. Jumba hilo halipo tena, lakini kibao cha kumbukumbu kimesimamishwa barabarani hapo. Nenda ukakisome. Meno yakigongana, yaache yagongane. Pale yana sababu.

Ukimaliza rudi kwenye U6 uelekee kaskazini mpaka Afrikanische Straße. Huko utakuta mtaa mzima wenye majina ya kwetu, Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße, Kongostraße, kumbukumbu ya siku walipotuhesabu kuwa mali yao. Miongoni mwake ilikuwapo barabara iliyopewa jina la huyohuyo Peters mwaka 1939. Watu wa Berlin, weusi kwa weupe, waliipigia kelele miaka mingi, na mwaka 2024 jina likang'olewa. Sehemu moja ya barabara hiyo sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mtanzania gani amekwenda kupigwa picha chini ya kibao hicho? Wachache. Wengi wako kule langoni, wakibana tumbo.

Na kama una imani moyoni, usiondoke Berlin kabla ya kufika Brunnenstraße, nambari 193. Hapo usitazame juu, tazama chini. Kuna kijiwe chenye bamba la shaba, hakizidi kiganja cha mkono, kimepachikwa katika njia ya waendao kwa miguu. Ni cha Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe akatiwa uaskari angali mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mshahara ambao serikali ya Kijerumani haikumlipa yeye wala baba yake. Hakulipwa. Akahudumu mezani, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, akaoa, akazaa. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ukamkamata kwa sababu ya mahusiano yake na mwanamke mweupe, ukamtupa kambi ya Sachsenhausen, nje kidogo ya mji, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Yule naye alikuwa kijana wa Dar es Salaam katika baridi ya Berlin, na hakuwa na blanketi la hoteli. Msomee Fatiha, au sala yoyote uijuayo. Watu hupita juu ya jiwe lile wakikimbilia treni. Wewe ndugu yake ukisimama, utakuwa umefanya jambo.

Kwa aliyeshindwa kabisa na ubaridi, joto la halali lipo, tena si la kitandani. Bustani ya mimea ya Dahlem ina nyumba kubwa ya vioo ambayo ndani yake ni Tanga mwezi wa Machi: jasho, ukungu na majani mapana. Nayo ilijengwa kati ya 1905 na 1907. Mmeiona miaka hiyo? Kusini kwetu mashamba yalikuwa yakichomwa moto, Berlin wakiijengea migomba nyumba yenye joto. Iko pia maktaba ya umma ya Amerika-Gedenkbibliothek, zawadi ya Wamarekani iliyofunguliwa mwaka 1954, ambako mtu huingia, akaketi, akasoma kutwa bila kuulizwa senti. Kuba la vioo la Bunge nalo hupandwa bure, mradi umejiandikisha mapema. Neno moja tu kuhusu treni: tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye mashine kabla hujapanda, kwa kuwa wakaguzi wao huweza kuvaa kiraia na faini yao ni yuro 60. Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu, basi siku hiyo ipe mitaa. Jumapili ni maduka yanayofungwa, nami naishukuru sheria hiyo kuliko wao wenyewe.

Hapo kwenye maduka siwezi kupita kimya, ingawa mhariri ataniona nimeacha njia. Tatizo la msafiri wetu si baridi peke yake, ni sisi tuliobaki. Kabla hajafunga sanduku amekwisha kuletewa orodha: viatu vya kaka, manukato ya wifi, simu ya mjomba, koti la mchungaji ambaye haishi hata Iringa, anaishi Temeke! Tunamgeuza mtoto wetu kuli wa kimataifa. Ili orodha itimie inambidi aikalie posho ya kujikimu, akoroge tambi kwa maji ya moto chumbani, asinunue tiketi ya treni wala ya makumbusho. Zawadi huleta mapenzi, dini imesema na mila zikaitika, nani atapinga? Lakini zawadi ni ya mtoaji kuamua. Ukiitungia orodha na saizi, hiyo ni kodi. Na vingi katika vitu hivyo vimetengenezwa China, vimejaa Kariakoo, tena kwa bei nafuu na mwenye duka unamjua kwao. Nimeshuhudia mama wa heshima zake akimnunia mwanawe wiki mbili kwa sababu ya mkoba wa rangi isiyo yenyewe. Mkoba! Mtoto ametoka katika mji wa Mtoro na Husen, na mama hakumuuliza neno zaidi ya mkoba.

Ninyi wasafiri nawajua, ni watu hodari. Mnasema lugha tatu, mnaweza kumkabili waziri wa kigeni bila kutetemeka, na mababu zenu walijua pepo za kaskazi na kusi kabla ya wengine kujua kushona tanga. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Mvivu hatumwi Berlin, ametumwa hodari, kwa fedha ya mkulima wa korosho, halafu hodari akalala. Ripoti ya safari inayofuata nayo tunaijua: aya tatu kutoka kabrasha la semina, saini na muhuri.

Na wewe unayecheka huku umeketi Upanga au Sinza, punguza meno. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, mjini, yamefunguliwa tangu mwaka 1940. Nauli ni ya daladala na jua ni letu. Mara ya mwisho kuingia ulikuwa umevaa kaptula ya shule, umeshikana mkono na mwenzako kwenye foleni, na tangu siku hiyo wanao umewapeleka kila penye chipsi.