Mchagua Jembe

Miongoni mwa wachezaji wa gofu wa ridhaa, yaani wale wachezao kwa mapenzi na si kwa mshahara, imezuka itikadi inayohubiriwa kwa bidii kuliko inavyochunguzwa. Husemwa kwamba mtu hajawa mchezaji mpaka ameziacha fimbo zake za chuma cha kusubu akanunua fimbo za bapa za chuma cha kufua. Za kwanza, ati, ni za wanagenzi. Za pili ni za mabwana. Aliyevuka kutoka upande ule kuja upande huu husimulia safari yake kama kijana aliyetoka jandoni: siku za mwanzo alipata taabu, mikono ilimuuma, mipira ilimkimbilia vichakani, kisha asubuhi moja akapiga pigo moja zuri, na mwili wake wote ukajua kwamba umefika. Simulizi hizi zinafanana mno, na kufanana huko peke yake kunatosha kumtia msomaji shaka.

Maneno haya husikika popote gofu inapochezwa, nayo yangeweza kuachwa viwanjani yamalizwe na upepo. Lakini yapo mahali ambapo yanageuka kuwa aibu. Mahali hapo ni Shinyanga pamoja na ukanda wa dhahabu wa Geita, nchi iliyojua kufua chuma zamani kabla ya mtu yeyote kuleta huko fimbo ya gofu.

Kiswahili hakina haja ya kukopa katika jambo hili. Kufua ni kukipiga chuma kilichoiva motoni mpaka kipate umbo. Kusubu ni kukiyeyusha kiwe maji na kukimimina katika kalibu. Kitenzi cha kwanza ndicho hicho hicho cha kufua nguo, na haishangazi, maana nguo nazo zilipigwa juu ya jiwe. Mfua chuma ana fuawe, nyundo, koleo na mivukuto. Chuma chake kikikomaa huitwa pua, na pua ikizidi uzuri huitwa feleji, ambayo ndiyo ya panga za kusifiwa. Bapa ni ubavu mpana wa upanga. Lugha yenye ngazi zote hizi ina haki ya kuitwa shahidi katika shauri la chuma.

Basi na ieleweke kwanza bapa la gofu ni nini. Kichwa cha fimbo ya namna hiyo ni chembamba, na uzito wake umekusanywa nyuma ya katikati ya uso. Kichwa cha namna ya pili kimefukuliwa mgongoni, na uzito ulioondolewa pale ukasukumwa kandokando. Mpira ukipigwa katikati, tofauti ni ndogo. Mpira ukipigwa pembeni, kichwa chenye uzito kandokando hujisokota kidogo, lakini bapa hujisokota zaidi, na mpira hupoteza masafa na njia. Hakuna fundi anayelipinga hilo. Na mchezaji wa ridhaa ni nani, ikiwa si mtu apigaye pembeni mara nyingi kuliko apigavyo katikati?

Waumini wa itikadi hii huchanganya mambo mawili yasiyochanganyika. Kufua ni namna ya kutengeneza. Bapa ni umbo. Vipo vichwa vingi vilivyofuliwa na vikafukuliwa mgongoni, na kichwa cha bapa chaweza kusubiwa bila taabu. Mtu anayesema amehamia chuma cha kufua kwa sababu bapa ni zuri, au amehamia bapa kwa sababu chuma cha kufua ni laini, hajui bado amenunua nini.

Hapo ndipo hutajwa hisia. Chuma cha kufua, husemwa, humpa mpigaji hisia ambayo chuma cha kusubu hakina. Mpira na chuma hugusana kwa muda wa kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Habari ya mguso huo huhitaji muda mrefu kuliko huo mara nyingi ili ipande kutoka mkononi hadi akilini. Ikifika, mpira umekwisha ondoka. Hisia ni barua ya taazia: hufika baada ya maziko, wala haimsaidii marehemu. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kinachoitwa hisia huingia kwa sikio, kwa kuwa mtu husikia mlio akadhani ameuhisi mkononi; na mlio hutokana na umbo na unene wa kichwa kuliko unavyotokana na nyundo au kalibu. Anayebisha na azibwe masikio, afichwe alama ya kiwanda, apewe fimbo mbili za umbo moja na uzito mmoja, kisha atamke ipi ilifuliwa.

Ni haki kukubali kwamba barua ya taazia nayo ina kazi kwa warithi. Bapa humwambia mpigaji kosa lake bila kumstahi, na mtu arudiye kiwanjani kesho kurekebisha kosa la jana aweza kufaidi ukali huo. Wapo wa ridhaa walio hivyo, nao hawalaumiwi hapa. Lakini mtu achezaye Jumamosi mbili kwa mwezi, na katikati yake asiguse fimbo, anafanyia nini habari za kosa lake? Huzipokea, huumia, na hununua fimbo nyingine.

Historia nayo ina neno. Klabu ya Entebbe ilipoanza mwaka 1901, na ile ya Nairobi mwaka 1906, hapakuwa na mtu aliyehamia chuma cha kufua, kwa sababu hapakuwa na chuma kingine cha kuhama kutoka kwacho. Vichwa vilifuliwa Uskoti na wahunzi, kama Tom Stewart wa St Andrews aliyepiga kila kichwa alama ya kiko ili kazi yake ijulikane. Mipini ilikuwa ya mti, na mipini ya chuma haikuruhusiwa na wakuu wa mchezo huko St Andrews mpaka mwaka 1929. Wafanyabiashara wa Nairobi na makarani wa Entebbe walipiga kwa bapa, wazuri kwa wabovu, wala hakuna aliyepewa cheo kwa ajili hiyo. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, ni miongoni mwa watu waliousukuma uzito kandokando na kuvisubu vichwa kwa kalibu katika miaka ya 1960, na baada ya muda wengi walimfuata. Bapa likawa adimu, na uadimu ukageuka utukufu. Kitu kilichokuwa cha kila mtu kimekuwa kilemba.

Mtetezi wa bapa akifika hapa hulitaja jina la Tiger Woods, na kabla yake Jack Nicklaus. Ni kweli, wote wawili walishinda kwa bapa, Nicklaus mataji makubwa 18, Woods 15. Lakini bapa halikuwafikisha katikati ya uso wa fimbo. Walikwisha fika, ndipo bapa likawafaa. Kusema kwamba fimbo zao zitamfikisha mwingine ni sawa na kuvaa kanzu ya kadhi ukangoja kujua sheria.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wapo wanaoitumia methali hii kumnyamazisha kila mtu anayedai chombo bora, na hilo ni kosa: mkulima halisi hulijua jembe lake, hulipima mpini, huligonga alisikie. Methali haimkatazi kujua. Humfichua yule ambaye kuchagua kwenyewe ndiyo kazi yake, aliye sokoni wakati wenzake wako shambani. Mtu wa namna hiyo akiwa na fimbo kumi na nne, hesabu ambayo sheria ya gofu haikubali ipitwe, ana machaguo kumi na manne ya kujificha nyuma yake.

Sasa Shinyanga. Gofu iliingia huko pamoja na migodi. Huko Mwadui, ambako Dakta John Williamson, mjiolojia Mkanada, aligundua almasi mwaka 1940, mgodi ulijijengea mji wenye hospitali, shule, uwanja wa ndege na uwanja wa gofu. Nchi ile ni ya miamba ya matale na udongo mweusi wa mbuga, ambao masika hunata kama ulimbo na kiangazi hupasuka ukawa mgumu kama sakafu. Chuma cha kufua kinachotumika kwa fimbo hizi aghalabu ni laini, nacho hulindwa na ngozi nyembamba ya kromu. Kikigonga changarawe mara kwa mara hupata makovu, na pembe ya shingo yake huweza kupinda kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Kromu ikichubuka, kutu huingia. Yaani hata kama itikadi ingekuwa kweli kwenye majani ya Uskoti, ingeshindwa na kiangazi cha Shinyanga. Hilo, hata hivyo, ni dogo.

Lililo kubwa ni hili. Nchi kati ya Geita na Biharamulo ndiyo nchi ya Warongo, wahunzi wenye asili mbalimbali waliounganishwa na kazi zaidi ya ukoo. Waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti, wakipuliza kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo, kisha wakalifua donge lililopatikana likawa majembe. Kahama nako kuliyeyushwa chuma. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa maelezo ya kazi hiyo mwaka 1943. Na ng'ambo kidogo, upande wa Kagera, Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza mwaka 1978 kwamba wafua chuma wa Buhaya na waliowatangulia walipata pua katika tanuri zao kwa ustadi uliokuwapo zamani sana, muda wa karne kumi na tano na zaidi. Majembe ya nchi hizi yalisafiri hadi Unyamwezi, yakalipa mahari, yakalipa hongo njiani, yakalima. Yalikuwa mali na chombo kwa pamoja. Kisha yakaja majembe ya Ulaya, rahisi na mengi, na tanuri zikazimwa moja baada ya moja.

Nyundo haikuzimwa. Mhunzi wa leo katika vijiji vya ukanda huo haoni tena haja ya kuyeyusha mawe. Huchukua springi za magari yaliyokufa na kuzifua ziwe majembe, visu, mundu na shoka. Ni kazi ile ile: moto, fuawe, nyundo, jicho linalosoma rangi ya chuma kikiiva. Na ni nani amsifuye? Jembe lake huitwa la kienyeji, na neno hilo hutamkwa kwa kukunja pua. Mwenye fedha hununua jembe la kiwandani lenye karatasi ya rangi, akaona amestaarabika.

Mtu huyo huyo, akiwa mchezaji wa gofu, huagiza seti ya vichwa vilivyofuliwa Himeji au Hiroshima nchini Japani, na sifa anayoitoa ni kwamba vimepigwa kwa nyundo na kumalizwa kwa mkono wa fundi! Hutaja jina la fundi kwa heshima, na Miura wa Himeji anastahili heshima hiyo. Lakini sababu inayomtukuza fundi wa Himeji ndiyo inayomdunisha fundi wa Geita. Nyundo kwa nyundo, moto kwa moto. Tofauti ni masafa na bei. Basi anayedai kupenda chuma cha kufua hakipendi chuma wala kufua. Anapenda kuonekana amekinunua mbali.

Itajibiwa kwamba mtu ana haki ya kutumia mali yake apendavyo, na kwamba fimbo na jembe si kitu kimoja. Haki hiyo haikuguswa hapa. Kinachopingwa ni ushahidi wa uongo: kusema kwamba mkono ndio uliohukumu, hali aliyehukumu ni jicho la jirani. Vijana wabebao mikoba ya fimbo viwanjani huusikia uongo huo na kuuamini. Kijana ambaye angeweza kuanza na fimbo chakavu za kusubu zenye mgongo uliofukuliwa, zinazomsamehe makosa mpaka apate pigo lake, hufundishwa kuziona haya. Huiacha fimbo inayomfaa akangoja asiyoweza kuinunua. Hasara hiyo haiandikwi katika kadi yoyote ya mchezo.

Anayetaka kweli kujua kufua kunabadilisha nini na aende machimbo ya wachimbaji wadogo wa Geita au Kahama, mahali ambapo mashine haijafika. Huko mwamba hupasuliwa kwa nyundo na moko, na moko huchongwa upya na mhunzi aliyeweka moto wake kando ya mashimo. Anazipokea zikiwa butu, anaziivisha, anazifua ncha, kisha anazitia maji. Hapo pa maji ndipo penye elimu yote. Moko iliyotiwa maji mapema mno, ikiwa moto kupita kiasi, hupata ugumu wa kioo na kukatika. Iliyocheleweshwa hubaki laini na kupinda. Hakuna kipimo isipokuwa rangi ya chuma na mlio wake ndani ya maji. Mteja haulizi jina la kiwanda wala hasimulii hisia. Huzitia moko zake katika mfuko, hulipa, na kushuka shimoni. Kesho yake hurudi, na moko ama imekatika ama haikukatika.