Unachoambiwa Dukani Kuhusu Turubai la Kulalia

Vijana wengi wa Dar es Salaam siku hizi wakitoka kazini Ijumaa wanakwenda kulala porini. Wapo wanaoelekea msitu wa Pugu Kazimzumbwi kule Kisarawe, na wapo wenye rafiki mwenye shamba Kibaha, upande wa Ruvu. Wengi wao wanaulizia swagi, lile turubai la Waaustralia linaloviringishwa pamoja na godoro lake. Ukilikunjua, mtu mmoja amepata kitanda na paa. Wanapokuja kuniuliza wameshajazwa maneno na wauzaji, na baadhi ya maneno hayo yamewatia hasara. Nimelala chini ya turubai misimu mingi katika wilaya hizi mbili, na nimeona niyajibu.

La kwanza, ambalo ndilo mama wa makosa yote, ni kwamba turubai ni turubai tu. Si kweli. Dukani neno hilo moja hubeba vitu vitatu. Lipo la plastiki, la bluu au la chungwa, ambalo watu huanikia mpunga na kufunikia vibanda. Jua hulila taratibu, na baada ya muda linachanika kama gazeti. Lipo la malori, kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC, ambalo utaliona limefunika shehena kwenye kila lori linalopita Mlandizi likielekea Kongo au Zambia. Hilo ni gumu kwelikweli, na mvua hailiwezi. La tatu ni la pamba, au pamba iliyochanganywa na poliesta, lililofumwa kwa kubana sana. La kulalia ni hili la tatu.

Sababu yake ni pumzi. Binadamu akilala usiku kucha hutoa maji kiasi cha robo lita au zaidi, kwa kinywa, pua na ngozi. Pamba iliyofumwa hupitisha mvuke huo ukatoka nje. PVC haipitishi kitu, kwa hiyo mvuke hugonga paa, ukawa matone, ukakurudia. Usiku mmoja wa Aprili nililala karibu na Mlandizi ndani ya swagi iliyoshonwa kwa turubai la lori. Mvua haikunyesha hata tone. Alfajiri shuka langu lilikuwa la kukamua.

Namna ya kuyatofautisha ni rahisi, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize: pumzi ikipita hata kidogo, ni kitambaa kisichopakwa plastiki. Kisha omba uzi mmoja kutoka kwenye pindo uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini; poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Uzi ukiacha majivu na chembe ngumu ndani yake, ujue umechanganywa, na mchanganyiko huo si mbaya hata kidogo.

Wanasema pia kwamba likiwa zito ndiyo limekomaa. Hapa kuna nusu ya ukweli. Uzito wa turubai hupimwa kwa gramu za kila mita ya mraba, na kwa swagi ya mtu mmoja gramu 300 hadi 400 zinatosha kabisa. Ukizidisha, unabeba mzigo ambao hauna faida, na kitambaa kinene kikilowa huchukua muda mrefu kukauka. Huku Pwani hilo ni hatari kuliko mchaniko. Uimara hasa uko kwenye ufumaji. Linyanyue lielekee jua: ukiona vitobo vya mwanga vimetapakaa kama chekeche, liache hata kama linavunja bega. Ukiona nyuzi nene zimepitishwa kwa miraba midogo, hapo mchano ukianza hautakimbia. Halafu geuza uangalie mishono. Pembe na sehemu zinazovutwa na kamba zinatakiwa ziwe na kiraka cha ziada na mshono wa mara mbili. Swagi nyingi nilizoona zimekufa zilianzia kwenye mshono, kitambaa chenyewe kikiwa bado kizima.

Wengine wanazuia watu wasinunue la pamba kwa madai kwamba linavuja. Ni kweli linavuja siku ya kwanza, tena linavuja mishononi, na mtu ambaye hakuelezwa hulirudisha dukani akidhani ameibiwa. Sindano imeacha matundu, na nyuzi bado hazijakaa. Uzi wa pamba ukinywa maji huvimba, ukaziba tundu lake wenyewe. Kwa hiyo turubai jipya hutandazwa uani, likamwagiwa maji mpaka lilowe kote, likaachwa likauke kabisa, kisha likarudiwa tena, mara mbili au tatu kabla ya safari ya kwanza. Sharti moja: liwe limeshonwa kwa uzi unaoweza kuvimba, yaani wa pamba, au wenye kiini cha poliesta kilichozungushiwa pamba. Uzi wa nailoni mtupu hauvimbi, na matundu yake yatabaki wazi mpaka uyapake nta.

Kuna neno jingine linalosemwa kwa kujiamini sana: hii ilitengenezwa kwa pori la Australia, basi kwetu haitashindwa, pori ni pori. Sehemu kubwa ya eneo la ndani la Australia hupata mvua chini ya milimita 300 kwa mwaka. Pwani yetu hupata kiasi cha milimita 1,000, kwa masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba, na hata kiangazi umande wa alfajiri hulowesha nyasi. Udongo nao una yake. Vilima vya Pugu vinajulikana kwa kaolini, ule udongo mweupe wa mfinyanzi, na penye udongo wa namna hiyo maji ya mvua hayanywewi upesi, yanasimama chini ya mgongo wako. Sehemu nyingi za Kibaha ni mchanga: maji yanapita, lakini vigingi vifupi vinang'oka kwa upepo wa kwanza. Kwa hiyo chagua swagi ambayo sakafu yake ni ya PVC na imepanda pembeni kama beseni, kiasi cha upana wa kiganja. Hapo chini PVC inafaa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia.

Chandarua nacho usiache muuzaji akuambie ni nyongeza. Swagi nyingine huja na kifuniko tupu, na mtu anaambiwa moshi wa kuni utafukuza mbu. Mkoa wetu una malaria. Chagua wavu wenye matundu madogo, ulioshonwa pande zote, na zipu inayofunga mpaka mwisho. Kwa siafu, ng'e na kupe, pengo la vidole viwili ni mlango.

Wala usidanganywe kwamba ukishakuwa na turubai zuri unalala popote. Misitu ya hifadhi kama Pugu Kazimzumbwi ina wenyewe, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na kibali chao kinatafutwa kabla ya safari. Na ukienda kusini ya Kisarawe, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, swagi ya chini si kitu cha kulalia peke yako. Huko kuna wanyama.

Kuhusu mafundi wetu, nasikia uchungu kila ninapoambiwa eti la nje ndilo la kununua. Pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, sehemu yake kubwa inauzwa nje ikiwa haijafumwa, kisha kitambaa kinaturudia kwa bei ya mbali. Fundi anayeshona maturubai ya malori na viti vya magari ana cherehani nzito na mkono uliozoea. Mpelekee kitambaa sahihi na uzi sahihi, mwelekeze beseni la chini na kiraka cha pembe, atakushonea swagi ambayo zipu ikifa ataibadilisha kesho yake. Ya dukani ikiharibika, mara nyingi ndiyo imekwisha.

Limebaki dai la mwisho, kwamba turubai halina matunzo. Turubai la pamba likiviringishwa bichi, kwa joto letu, siku mbili tatu zinatosha kuota ukungu. Kwanza utaona madoa meusi, kisha harufu, na baadaye kidole kinapenya kitambaa. Ukilifua kwa sabuni ya unga unaondoa dawa ya kuzuia maji, na ukitia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe unaziua nyuzi zenyewe. Brashi laini, maji matupu na jua vinatosha. Mishono hukauka mwisho, kwa hiyo ishike mishono yenyewe, usiamini mgongo wa kitambaa. Ukirudi Jumapili jioni umechoka, lianike hilo turubai kwanza, hata chini ya paa la baraza, ndipo ukaoge.