Tarakimu 60 za LUKU: Kibuta ilibonyeza 2024, nani atabonyeza 2045?

Kwa miaka mingi mkazi wa Kibuta, wilayani Kisarawe, alikuwa na kazi moja tu na mita yake ya LUKU. Ananunua umeme kwa simu, anasubiri meseji, anabonyeza tarakimu 20. Basi.

Mwaka 2024 meseji ikaja ndefu. Tarakimu 20 za kwanza, 20 za pili, halafu ndiyo 20 za umeme wenyewe. Jumla 60, na ziingizwe kwa mpangilio huohuo. TANESCO ilitaka kila mteja awe amemaliza kabla ya Novemba 24, 2024.

Wengi walibonyeza, mita ikakubali, wakasahau. Lakini ile meseji ndefu ilibeba swali ambalo bado lipo mezani: kifaa kilichofungwa ukutani miaka 15 iliyopita, programu yake ikizeeka, kirekebishwe lini, na kazi hiyo aifanye nani?

Saa iliyoanza 1993

Mita za LUKU zinatumia kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, kilichozaliwa Afrika Kusini. Kila tokeni unayonunua imefichwa ndani yake namba inayoonyesha ilitengenezwa dakika ya ngapi tangu Januari 1, 1993. Mita inakumbuka namba hizo. Ukijaribu kuingiza tokeni uliyokwisha kuitumia, au ya zamani kuliko zile inazozikumbuka, inakataa. Ndiyo sababu huwezi kutumia tokeni moja mara mbili.

Tatizo ni nafasi. Waliobuni mfumo huo waliipa namba ya dakika biti 24, yaani inaweza kuhesabu hadi 16,777,216 tu. Ni kama mita ya kilomita kwenye gari kuukuu: ikifika mwisho inarudi sifuri. Dakika hizo ni karibu miaka 32, na ukizihesabu kuanzia 1993 unaangukia Novemba 24, 2024.

Baada ya hapo tokeni mpya ingesoma kama ya 1993. Mita ingeiona ni ya zamani na kuitema. Umeme uliokuwamo ungeendelea kutumika hadi uniti ziishe, kisha hapo ndipo mwenye nyumba angegundua kuwa pesa yake imekatwa kwenye simu na taa haziwaki.

Dawa ilikuwa kuipa mita ufunguo mpya na kuanza kuhesabu upya kutoka Januari 1, 2014. Ufunguo huo ni mrefu kuliko tokeni moja inavyoweza kubeba, ukagawanywa vipande viwili. Hizo ndizo zile tarakimu 40 za mwanzo.

Kwa nini haikufanyika kimyakimya

Hapa ndipo wengi walipolalamika, na walikuwa na haki. Mbona mwaka 2021 Serikali iliingiza kodi ya majengo ndani ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na hakuna aliyeambiwa abonyeze chochote?

Jibu ni kwamba kodi ile ilikatwa kwenye kompyuta za kuuzia umeme, kabla tokeni haijatengenezwa. Mita haikujua lolote. Hata mfumo wa kununua LUKU ulipogoma nchi nzima Mei 2021, watu wakakaa gizani, mafundi walitafuta tatizo katikati ya mfumo na kulitibu hukohuko.

Mita yenyewe ni habari nyingine. Nyingi hazina intaneti. Hakuna waya wala mawimbi yanayoipelekea programu mpya kutoka makao makuu. Mlango pekee wa kuingia ndani ni vile vitufe, na mwenye kidole ni mteja. Kwa hiyo TANESCO ilikuwa na njia mbili: itume mafundi kwa mamilioni ya wateja, au iwatumie wateja tarakimu. Ikachagua ya pili.

Kwa hesabu ya pesa, uamuzi huo hauna ubishi. Kubadilisha mita nzima nzima kwa sababu ya namba moja iliyojaa ingekuwa kufuru, hasa zile ambazo bado zinapima sawasawa.

Kosa liko kwenye muda.

Tarehe ilijulikana tangu mwanzo

Novemba 24, 2024 haikuwa ajali. Yeyote mwenye kikokotoo angeweza kuipata tangu miaka ya 1990, na chama kinachosimamia kiwango cha STS kilizikumbusha kampuni za umeme miaka kadhaa kabla. Kwa mteja wa Tanzania, habari ilianza kusikika kwa nguvu katikati ya 2024. Miezi michache tu.

Muda huo unamtosha anayenunua umeme wa buku mbili kila baada ya siku tatu. Asipoipata tokeni ya maboresho leo, ataipata keshokutwa. Anayeachwa ni yule anayenunua mara chache.

Kisarawe anapatikana kirahisi. Wilaya imepakana na Dar es Salaam, na watu wa mjini wananunua viwanja huku, wanajenga kidogo kidogo, wanavuta umeme halafu nyumba inakaa miezi haijahamiwa. Kuna banda la kuku linalotumia taa moja. Kuna mpangaji ambaye mita iko kwa jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba haonekani. Kuna mzee ambaye tokeni zake huingizwa na mjukuu, na mjukuu yuko shule ya bweni. Mita ikiwa juu ya nguzo na rimoti yake betri imekufa, mambo ndiyo hivyo tena.

Halafu kuna mtego ambao haukuelezwa vya kutosha: tokeni ya umeme iliyonunuliwa kabla na haijaingizwa, ukishabadilisha ufunguo haikubaliki tena, kwa sababu ilitengenezwa kwa ufunguo wa zamani. Aliyejiwekea akiba ya karatasi mbili tatu alitakiwa aziingize kwanza.

Afrika Kusini, nyumbani kwa mfumo huu, walipata somo kali zaidi. Siku ya mwisho ilipita huku kampuni ya Eskom ikiwa na zaidi ya mita milioni moja ambazo hazijabadilishwa. Nyingi zilikuwa za watu ambao hawakuwa wakinunua umeme kabisa, wengine wakiwa wamechezea mita. Maboresho yakageuka kuwa msako wa wezi wa umeme.

Kungekuwa na njia ya polepole zaidi. Ufunguo wenye hesabu ya 2014 ungeweza kuwekwa kwenye mita kabla haijatoka stoo. Kila mita iliyofungwa kijijini na hesabu ya 1993, wakati mwisho wake unajulikana, ilikuwa deni linalosubiri kulipwa na kidole cha mteja. Na hii ilikuwa miaka ya usambazaji mkubwa wa umeme vijijini, mteja akiunganishwa kwa shilingi 27,000.

Mita janja zinakuja na maswali yake

TANESCO sasa imeanza kufunga mita janja, ambazo umeme ukilipiwa huingia wenyewe bila kubonyeza. Mita ya namna hiyo inawasiliana na kituo, hivyo programu yake inaweza kurekebishwa kutoka mbali. Kwa tatizo la 2024, hiyo ndiyo tiba halisi.

Lakini inategemea mtandao wa simu, na mtandao ukisuasua kijijini, mita janja nayo itasuasua. Vilevile kifaa kinachoweza kufikiwa kutoka mbali kinaweza kufikiwa na asiyehusika. Mikataba ya ununuzi inapaswa kusema wazi nani atatoa marekebisho ya programu, kwa miaka mingapi, na itakuwaje aliyetengeneza mita akifunga biashara.

Mita za vitufe hazitaondoka kesho. Hesabu iliyoanza 2014 nayo ina biti 24 zilezile, na itajaa Novemba 24, 2045. Mita inayofungwa leo haitegemewi kufika huko, ila hata mita za miaka ya 1990 hazikutegemewa kuiona 2024, na baadhi ziliiona.

Kwa sasa, mwenye nyumba isiyo na mtu Kibuta na ambaye hajanunua umeme tangu kabla ya Novemba 2024 ana jambo moja la kufanya kabla hajahamia: anunue umeme kidogo wa kujaribia, aone mita itasemaje. Ikikataa, aende ofisi ya TANESCO na namba ya mita mkononi, si siku ya kuhamisha vitanda.